UZI: Maua ya harusi huku Uganda, picha ya simu itakuponza

MamaNdoo (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Wiki hii nimetumiwa picha ileile na maharusi watatu wasiojuana: shada la piyoni za waridi mpauko, limeshikwa na mzungu aliyesimama shambani. Wote watatu wanafunga ndoa Desemba. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nafungua uzi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, Jinja. Kiswahili nimekinyonya pamoja na maziwa. Maua nayafanya Kampala mwaka wa kumi na moja huu. Duka sina. Nina ndoo nyingi, kisu, mikasi miwili na jirani mwenye pikapu.

Tuanze na hiyo piyoni. Mmea wake ni lazima upigwe na baridi kali miezi kadhaa ndipo utoe ua. Bila baridi hiyo utakupa majani tu, hata uupandie mbolea ya ng'ombe wa kijiji kizima. Ulaya huchanua kuanzia kama Aprili mpaka Juni hivi. Ukiitaka Desemba, basi imepanda ndege kutoka kusini kabisa mwa dunia, nchi kama Chile, na bei yake utadhani ni mbuzi wa kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa binti. Tulipu nayo ni mtoto wa baridi vilevile. Kama unachopenda ni lile umbo la kikombe kilichojaa petali, niambie hivyo tu. Yapo mawaridi ya bustani yenye petali nyingi na ipo lisianthasi, vyote vinalimwa Kenya. Mama mkwe akiwa meta tatu hatajua tofauti.

Halafu mtaniuliza, na huwa naulizwa: "Uganda si inapeleka mawaridi Ulaya, mbona mimi naletewa vichwa vidogo?" Hamjaibiwa. Mashamba yetu mengi yako ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe na Wakiso hadi Mukono, mwinuko wa mita 1,100 na ushee, na usiku wake hauna baridi ya maana. Waridi likiishi kwenye joto hukua haraka na kichwa hubaki kidogo. Naivasha iko karibu mita 1,900. Kule usiku unauma, ua linajivuta polepole, kichwa kinanenepa. Ndiyo sababu wakulima wetu waliegemea mawaridi madogo pamoja na vipandikizi vya krisanthemumu, vile vichipukizi vinavyokwenda kuoteshwa Ulaya. Mimi mawaridi madogo nayapenda, ila hesabu yake ni nyingine. Shada ambalo ningelijaza kwa mawaridi makubwa 20, kwa madogo nahitaji 35 au 40. Mtu akikupigia bei "kwa ua moja" muulize kwanza kichwa kina ukubwa gani.

Sasa msimu. Huku hatuna masika ya Ulaya wala theluji. Tuna mvua na kiangazi. Mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Septemba hadi Novemba, inaleta ugonjwa wa ukungu wa kijivu kwenye maua. Waridi linaonekana zima jioni, asubuhi petali za nje zina madoa ya kahawia kama mtu amezima sigara juu yake. Miezi hiyo ninanunua moja ya ziada kwa kila tano, na nakagua hadi ndani ya petali. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, na cha Juni hadi Agosti, ukungu unapungua, lakini maua ya shamba la wazi yanatoka na mashina mafupi, yamejaa vumbi. Na ndiyo miezi ambayo kila mtu anaoa! Desemba na Agosti kuna Jumamosi nakutana na misafara mitatu ya maharusi kabla sijavuka Wandegeya.

Nitawaambia kisa kilichonifundisha kuliko vyote, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka juzi nilipata kazi ya kwanjula Masaka, kama kilomita 130 kutoka Kampala. Mama wa binti alitaka karnesheni, nyeupe na pinki. Nikanunua Alhamisi, ndoo nne, zikanywa maji usiku kucha, Ijumaa zimesimama kama askari gwarideni. Jioni upande wa bwana harusi wakaniambia gari la zawadi lina nafasi, kwa nini nikodi jingine? Nami nikaona nibane matumizi. Sasa gari la zawadi la kwanjula mnalijua: vikapu vya ndizi bogoya mbivu, gunia la pasheni, mapapai, mananasi, sukari, chumvi, sabuni, gomesi (gauni la heshima la Kiganda) ya mama, gomesi ya ssenga, yaani shangazi wa binti. Tukapanga kila kitu usiku huohuo, tukafunga turubai, tukaondoka alfajiri.

Saa tatu asubuhi nafungua turubai. Kitu cha kwanza ni harufu ya pasheni, tamu mpaka utosini. Cha pili ni karnesheni zangu zimefumba macho. Petali zote zimejikunja kwa ndani, laini kama karatasi iliyolowa. Nikadhani ni kiu, lakini ndooni maji yamejaa. Nikakata mashina upya, nikabadilisha maji, nikazipepea kama mgonjwa. Wapi!

Kumbe tunda linapoiva linatoa gesi, ethilini. Ndizi mbivu inaitoa, na pasheni ndiyo balaa kabisa. Ni gesi ileile inayofanya kazi mtu akifungia ndizi mbichi na tunda bivu ili ziive upesi. Kwa tunda ni kuiva, kwa ua ni kuzeeka, na karnesheni ndiyo inayoongoza kwa kudhurika. Hata wakulima wake wakubwa wana jina la hali hiyo, wanasema ua "limelala". Na likilala haliamki.

Siku ile niliokolewa na majirani wa bibi harusi. Mzee mmoja alikuwa na helikonia nyekundu nyuma ya banda la ng'ombe, akaniruhusu nikate. Vijana wakashuka bondeni wakaniletea mafunjo. Nikakata na majani ya mgomba. Saa sita hema lilikuwa limependeza kuliko nilivyopanga, na ssenga akatangaza mbele za watu kwamba sasa hii ndiyo kwanjula ya Kiganda. Fedha ya karnesheni nilimrudishia mama, kimyakimya.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa maharusi si "unapenda ua gani". Nauliza: sherehe ni saa ngapi, wapi, ndani au hemani, na maua yatakaa muda gani bila maji? Ukinijibu hayo, nusu ya maua yanajichuja yenyewe. Shada la mkononi linatoka ndooni saa mbili asubuhi, linapita saluni, kanisani, kupiga picha, linafika ukumbini saa kumi na moja. Saa tisa hizo bila tone! Haidrenjia haifiki. Ni nzuri, ila ina kiu kama ngamia wa hadithi. Ikikaa juani kwa muda wa saa mbili tu, imeshika tama. Kala lili inafika. Waridi lililonyweshwa vizuri linafika. Helikonia itakuzika.

Ukienda soko la Nakasero, Kampala, kununua mwenyewe, nenda asubuhi na usiangalie petali kwanza. Shika waridi pale chini ya kichwa, ubonyeze taratibu kwa vidole viwili. Likiwa gumu, ni jipya. Likibonyea kama ndizi, limekaa. Petali mbili za nje zenye rangi mbaya zisikutishe, hizo hubanduliwa; anayezibandua kabla ya kukuuzia ndiye wa kumtazama mara mbili. Kitumba kilichofunga kabisa nacho usikichukue. Kilikatwa kabla ya wakati na hakitafunguka, kitapinda shingo tu.

Nyumbani: toa majani yote yatakayozama majini, kata shina mshazari, tia kwenye maji ya vuguvugu usiku mzima mahali penye ubaridi. Mimi kwa lita moja ya maji naweka kijiko cha sukari, ndimu nusu na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo. Sukari ni chakula, dawa inaua vijidudu wanaoziba shina. Sukari peke yake inawalisha vijidudu, kwa hiyo usiache dawa.

Bei sitaandika, maana nikiandika leo, ikifika Ijumaa mtanisuta. Karibuni maswali.

KijanaWaNtinda

Shikamoo Mama Ndoo. Sisi harusi yetu ni Jumamosi ya kabla ya Valentine. Mchumba wangu anataka mawaridi mekundu tu, kila mahali, meza 20. Kamati imepanga bajeti kwa bei ya Novemba. Tuko salama?

MamaNdoo

Marahaba mwanangu. Hamko salama, samahani.

Mashamba hupogoa miti wiki kadhaa kabla, wakipiga hesabu ili mawaridi yachanue yote kwa ajili ya tarehe 14. Yanapakiwa Entebbe usiku, yanaelekea Amsterdam. Wiki ile wewe unagombea ua moja na Ulaya nzima, na Ulaya ina fedha kuliko kamati yako. Tarehe nyingine za kuogopa ni 8 Machi, Siku ya Wanawake, na Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama.

Ushauri: nyekundu aishike yeye mkononi, mawaridi 25 mazuri, basi. Mezani weka kala lili za kule Kabale; zinapenda baridi na maji, shina moja refu linajaza chombo peke yake. Ongeza majani. Jambo jingine, sherehe yenu ni ya usiku? Muulize mtu wa taa atawasha rangi gani. Waridi jekundu chini ya taa ya buluu au zambarau linaonekana jeusi. Nimewahi kutumia siku mbili kupanga meza nyekundu, ikaja taa ya zambarau, kwenye picha ni kama tumeweka mkaa.

MpambajiWaMjini

Dada, naheshimu kazi yako, lakini hujagusa plastiki. Mimi nakodisha maua ya bandia na sioni aibu. Mvua ya Aprili haiyaui, ethilini haiyajui, na harusi ya watu 500 hemani huwezi kuijaza maua halisi bila kuuza kiwanja. Wageni wako mbali na jukwaa, nani atakuja kunusa?

MamaNdoo

Kaka, hapo huna mpinzani. Juu ya hema na nyuma ya viti vya maharusi, weka plastiki, hata mimi nakodi. Nyingine nimekodi kwako bila wewe kujua. Ninachokataa ni plastiki mkononi mwa bibi harusi na plastiki mezani, sentimita 40 kutoka puani mwa mgeni. Tena osheni! Nimeona ukuta wa maua una vumbi la harusi tano, mtoto kaegemea, kanzu nyeupe imetoka na ramani.

MpambajiWaMjini

Ha ha, hilo la vumbi silijibu.

DadaGayaza

Mimi harusi ni katikati ya Machi, kanisa Katoliki. Nimeshalipia nusu ya maua ya altare. Jana mtu akaniambia eti hayatakubaliwa. Ni kweli au wivu?

KatekistaMstaafu

Ni kweli binti yangu. Kipindi cha Kwaresima altare haipambwi kwa maua. Mwongozo wa Misa unatoa nafasi Jumapili ya nne ya Kwaresima, sherehe kuu na sikukuu. Ndoa yenyewe unaweza kufungiwa, ila paroko atakuomba upambe kwa kiasi. Jumatano ya Majivu huangukia popote kati ya 4 Februari na 10 Machi, kwa hiyo vijana mnaopanga harusi miezi hiyo, kalenda kwanza, ukumbi baadaye. Kaongee na paroko wako wiki hii, na huyo uliyemlipa mwombe ayahamishie ukumbini.

DadaGayaza

Asante mzee wangu. Laiti kamati ingekuwa na mtu kama wewe. Tuna watu 14 kwenye kamati, wote wanajua habari za keki.

BiAsumini

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Kampala, naishi Old Kampala. Nasoma hapa nacheka, maana kwetu ua la bibi harusi halikuwa la kupigwa picha, lilikuwa la kunukia. Vikuba! Asumini, mrehani, vipande vya mkadi (ule mmea wa pwani wenye ua la kunukia), vimefungwa pamoja, bibi harusi anavaa kichwani au anabandika kifuani. Bibi yangu alikuwa akichuma vitumba vya asumini alasiri, bado vimefumba, anavitunga kwenye uzi, anavifunika kwa kitambaa kibichi. Usiku ukiingia vinafunguka vyenyewe, chumba kizima kinanukia. Ukichuma asubuhi vimeshachoka.

Binti yangu anaolewa mwezi wa saba, in shaa Allah. Nataka apate kikuba. Asumini nimeotesha mwenyewe kwenye makopo, mrehani upo, mkadi ndio sipati. Mama Ndoo, nini kinaweza kushika nafasi ya mkadi?

MamaNdoo

Wa alaykum salaam mama. Umenipa kazi niliyoipenda. Mkadi sijawahi kuuona sokoni huku. Harufu yake sitaweza kuiiga, ila jaribu tuberozi, yale maua meupe madogomadogo kwenye shina moja refu, nayo hunukia zaidi usiku. Kata viua vilivyokaribia kufunguka, utunge pamoja na asumini. Mrehani usiuloweshe sana, huwa mweusi. Na kama una nafasi kwenye makopo yako, mimi ninakuja kuchuma. Nitalipa.

BiAsumini

Njoo, chai ipo. Kulipa tutaongea.

MtotoWaArua

Huku Arua joto linatutoa jasho, na ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua haipatikani kirahisi, ikipatikana ni ghali. Kuna njia nyingine?

MamaNdoo

Kigogo cha mgomba. Kata kipande cha nusu mita kutoka kwenye mgomba uliokwisha kuvunwa, kilaze, toboa kwa kijiti, chomeka. Ndani ni maji matupu, ua linakunywa lenyewe. Kwanjula karibu zote za kijijini nafanyia hivyo. Lakini sikia: utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa hautoki mpaka kiama. Kata siku moja kabla, kiache kichuruzike, kisha tandika nailoni chini yake. Niliharibu kitambaa cha meza cha kukodi Mityana, nikakilipa chote.

Ukipata sponji, usiisukumize majini kwa mkono. Iache juu ya maji izame yenyewe. Ukiisukuma, nje inalowa, katikati inabaki kavu, na ua lililochomwa pale katikati ndilo linakufa mapema bila wewe kujua kwa nini.

BodaWaKamwokya

Mimi napelekaga maua ya watu. Naomba mseme na hili: mtu anakupa shada wazi, anasema "harakisha". Upepo wa boda kutoka Nakasero mpaka Muyenga unayanyoa. Mteja akifika analaumu boda.

MamaNdoo

Uko sahihi ssebo. Wanajukwaa, yafungeni kwa gazeti mpaka juu ya vichwa, gazeti lilowe kidogo, yalale ndani ya boksi. Hakuna shada la kupunga bendera kwenye boda.

NakatoM

Swali fupi. Lili kubwa nyeupe, zile zenye harufu kali. Nilikuwa msimamizi wa bibi harusi mwezi uliopita, gauni lake likapata doa la njano kifuani kabla hata ya kuingia kanisani. Nikafuta kwa maji. Likaenea. Nilifanya kosa gani?

MamaNdoo

Maji ndiyo kosa. Hiyo ni chavua. Ungebandika gundi ya karatasi, ile ya utepe, ukaibandua taratibu, ikatoka nayo. Ila kinga ni rahisi zaidi: lili inapofunguka, chomoa vile vichwa vya kahawia katikati kwa vidole, vyote sita, kabla havijaanza kutoa unga. Fundi aliyekuletea lili na vichwa vyake juu ya gauni jeupe hakukutakia mema, au hajui kazi.

NakatoM

Hakujua kazi. Alikuwa binamu.

KijanaWaNtinda

Nimerudi. Nimemsomea mchumba uzi wote. Kala lili amezikubali, mekundu yatabaki mkononi. Mtu wa taa nimempigia, anasema zambarau imeshalipiwa, lakini atawasha nyeupe kwenye meza kuu. Ila picha ya piyoni bado anayo kwenye simu, hajaifuta.

MamaNdoo

Usimlazimishe kuifuta. Mwambie anitumie rangi ya gauni na urefu wake bila viatu, ndiyo ninavyopima shada. Na wewe mwanangu, wiki ya harusi Alhamisi alfajiri nakungoja Nakasero, uje na gari tupu. Nikikuta hata ndizi moja kwenye kiti cha nyuma, unairudisha nyumbani kwanza.